UZI: "Mtapita kijani mpaka nyumbani." Sawa, lakini kwa mwendo gani?

Wadau, uzi wa leo ni mrefu. Wekeni chai kwanza.

Kila msimu wa kampeni ukifika mijini, kuna ahadi moja ambayo haikosi. Mgombea anasimama juu ya gari, ananyoosha kidole kwenye mzunguko uliofungana pande zote nne, anasema: "Mkinipa hiki kiti nitaleta taa za kisasa, taa zenye akili, mtapita kijani mpaka nyumbani." Makofi. Siku mbili baadaye, kwenye mdahalo wa runinga, mpinzani wake anajibu kwamba hiyo ni kuwapa madereva uwanja wa mashindano, watu watauawa, afadhali aweke matuta. Makofi tena. Halafu mashabiki wa pande zote mbili wanakuja hapa kutukanana mpaka saa nane za usiku.

Sitaji mtu wala chama, mnanijua. Ninachotaka ni kuonyesha kwamba hili swali, yaani taa zikipangwa ziwake kijani kwa kufuatana, madereva wataongeza kasi au watapunguza, si geni hata kidogo. Lina miaka mia moja. Lilishajibiwa, na jibu lake halifurahishi upande wowote wa ule mdahalo.

Kwanza niseme kwa nini linanihusu. Nilipomaliza Fomu Foo sikuwa na karo, nikafanya kazi ya makanga miezi kumi na minne. Dere wangu alikuwa mzee wa heshima, hanywi, hatukani abiria. Lakini kulikuwa na kipande cha barabara chenye taa tatu, na kila mara ya kwanza ikigeuka kijani alikuwa ananiambia, "Kijana, shika chuma." Halafu anakanyaga. Alikuwa anajua kwamba ukiichukua ya kwanza ikiwa ndiyo imewaka tu, na ukakanyaga vizuri, unazipita zote tatu. Ukienda polepole, ya tatu inakufungia. Nilimwona kama mchawi wa taa.

Jioni moja tulimgonga mama kwenye ile ya tatu. Alikuwa anavuka na karai la mboga kichwani. Alivunjika nyonga, hakufa. Taa ilikuwa bado yetu, imeingia njano. Miaka mingi nilimlaumu dere peke yake, na alikuwa na kosa, sikatai. Ila baadaye nilikuja kuelewa kwamba ile barabara yenyewe ilikuwa inamlipa akimbie. Nitarudi hapo.

Sasa historia.

Taa ya kwanza ya kuongoza magari duniani haikuwa hata ya magari. Ilisimamishwa London, Desemba 1868, nje ya Bunge la Uingereza (naam, bungeni), kazi ya mhandisi wa reli anayeitwa John Peake Knight. Ilikuwa na mikono ya kupanda na kushuka kama ishara za treni, na usiku inawaka taa za gesi, nyekundu na kijani. Askari anasimama chini yake akiiendesha kwa mkono. Mwezi uliofuata, Januari 1869, gesi ilivuja ikalipuka, askari akajeruhiwa, na wazo lote likawekwa kando. Farasi wakaendelea kupishana walivyozoea.

Wazo lilirudi na umeme, na lilirudi Marekani, kwa sababu ndiko motokaa zilikojaa mapema. Agosti 1914 mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, uliweka taa za umeme kwenye makutano ya Euclid Avenue na East 105th Street. Nyekundu na kijani tu. Hiyo ilikuwa taa moja kwenye makutano mamoja, na taa moja ikiwa peke yake haina shida kubwa: unasimama, unaenda.

Shida ilianza pale taa zilipokuwa nyingi kwenye barabara moja. Hapo ndipo swali la leo lilipozaliwa: taa hii na ile inayofuata zizungumze vipi?

Jibu la kwanza lilikuwa jepesi: ziwake zote pamoja. Mwaka 1917 huko Salt Lake City makutano sita yaliunganishwa kwa nyaya, mtu mmoja akawa anayabadilisha yote kwa swichi moja. New York nao, mwaka 1920, walijenga minara katikati ya Fifth Avenue, askari anakaa juu kama ndege kwenye kiota. Aliyeleta wazo hilo alikuwa daktari tajiri, John A. Harriss, aliyepewa cheo cha naibu kamishna wa polisi wa kushughulikia trafiki. Kitu cha kuchekesha ni kwamba mwanzoni kijani pale haikuwa na maana ya "enda" kwa magari ya Fifth Avenue. Nyeupe ndiyo ilikuwa ruhusa yao. Kijani ilikuwa zamu ya wanaokatiza. Mwaka 1922 ikajengwa minara mingine ya shaba, mizuri kweli, mchoro wake Joseph Freedlander. Kufikia 1929 ilikuwa imeng'olewa kwa sababu yenyewe ilikuwa inaziba barabara.

Ile minara ilisaidia, tusiikejeli. Kabla yake kila askari kwenye kila makutano alikuwa na mawazo yake mwenyewe, huyu anafungua, yule anafunga. Kwa mara ya kwanza barabara nzima ilikuwa inasimama na kwenda kwa pamoja.

Lakini kuwaka kwa pamoja kulikuwa na sumu ndani, na wahandisi waliiona mapema. Hebu tupige hesabu, shuleni mlifanya hii.

Chukua barabara ambayo taa zake zote zinageuka kijani sekunde ileile na zinakaa kijani sekunde 60. Dereva anayeenda kilomita 50 kwa saa anakimbia karibu mita 14 kila sekunde. Kwa sekunde 60 atakuwa amefika mita 833, basi, nyekundu. Sasa mwenzake anaenda 100. Yeye atafika mita 1,667 kabla hajafungiwa. Yaani ukikimbia mara mbili, unapita taa mara mbili zaidi. Hakuna mtu aliyemwambia dereva avunje sheria. Ila barabara imemwekea zawadi, na zawadi inakua kadiri anavyokanyaga.

Ongeza hili: dereva anaiona ile ya mbele kabisa ikiwa kijani, anajua zote zitakufa pamoja. Anaikimbiza. Kila aliyeendesha gari usiku kwenye barabara kama hiyo anaijua hiyo hamu. Inakuvuta mguu.

Kwa hiyo yule mgombea wa pili, wa matuta, hana wazimu. Taa zilizounganishwa vibaya ni uwanja wa mashindano kweli. Kitu asichojua, au hataki kusema, ni kwamba dawa yake ilipatikana katikati ya miaka ya 1920.

Dawa ilikuwa hii: taa zisiwake pamoja, ziwake kwa kufuatana. Ya kwanza inawaka, sekunde kadhaa baadaye ya pili, sekunde kadhaa baadaye ya tatu, kama watu wanaopokezana ndoo kwenye moto. Chicago ilipanga taa za katikati ya mji kwa mtindo huo mwaka 1926, na miji mingine ikafuata upesi. Wajerumani waliupa jina ambalo limebaki hadi leo, wimbi la kijani.

Na hapa ndipo uchawi ulipo, kwa hivyo someni polepole.

Umbali kati ya taa mbili, gawanya kwa sekunde kati ya kuwaka kwao, unapata mwendo. Ni hivyo tu. Mwendo wa barabara haukai kwenye kibao, unakaa ndani ya lile sanduku la chuma pembeni ya taa, kwenye zile sekunde.

Tuseme taa ziko mita 300 kutoka moja hadi nyingine na tunataka watu waende 50, ambao ndio mwendo wa juu wa mijini kwa sheria yetu hapa Kenya. Mita 300 kwa mwendo huo ni kama sekunde 22. Basi kila taa iwake sekunde 22 baada ya ile ya nyuma yake.

Anayeenda 50 anazikuta zote zikiwa kijani. Hagusi breki.

Anayeenda 80 anafika kwenye taa ya pili kwa sekunde 13 na nusu. Bado ni nyekundu kwa sekunde nane hivi. Anafunga breki, anasimama, na yule wa 50 anamkuta palepale. Kwenye ya tatu hali ni ileile. Amechoma mafuta, amechakaza breki, amewarusha abiria mbele na nyuma, na hajapata hata mita moja. Akifanya hivyo siku tatu mfululizo, ya nne anaacha. Huhitaji kamera, huhitaji askari, huhitaji tuta.

Anayeenda 30 naye ana shida yake. Kila kipande anachelewa sekunde 14 zaidi. Kama kijani inadumu sekunde 40, ya pili ataipata, ya tatu ataipata, ya nne itamfungia. Kwa hiyo wimbi linamvuta mzembe na linamzuia mwenye haraka, wote wanasogea kwenye mwendo mmoja.

Nikirudi kwa yule mgombea wa kwanza wa "kijani mpaka nyumbani": anachoahidi kinawezekana. Lakini anakiuza kama njia ya kufika haraka, kumbe ni njia ya kwenda kwa mwendo uliochaguliwa na mtu mwingine. Aliyeamua zile sekunde ndiye aliyeamua mwendo wako. Hiyo ni siasa, ndugu zangu, na mara nyingi inaamuliwa na fundi ambaye hajawahi kuulizwa swali na mtu yeyote.

Mfano mzuri ni New York hao hao. Vitalu vya Manhattan kutoka mtaa hadi mtaa ni takriban mita 80. Ukitaka magari yaende maili 30 kwa saa, karibu kilomita 48, taa zinapaswa kufuatana kwa sekunde sita. Ukitaka maili 25, kilomita 40, inakuwa sekunde saba na kidogo. Tofauti ni sekunde moja na nukta mbili! Novemba 2014 mji huo ulishusha mwendo wa kawaida wa mitaani kutoka maili 30 hadi 25, na kwenye baadhi ya barabara zake kuu hawakubadilisha vibao peke yake, walizipanga taa upya zifuate 25. Walijua kibao bila sekunde ni mapambo.

Kwa nini kilomita nane tu ziwe na maana? Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Na mtu anayetembea kwa miguu akigongwa na gari lililo kwenye 65, uwezekano wake wa kufa ni mara nne na nusu kuliko akigongwa kwenye 50. Hizo namba mbili, 50 na 65, ziwekeni kichwani. Tutazihitaji.

Kisha kuna waliokwenda mbali zaidi. Copenhagen, barabara ya Nørrebrogade, wimbi limepangwa kwa kilomita 20 kwa saa. Ishirini! Ni kwa ajili ya baiskeli: asubuhi linaelekea mjini, jioni linatoka. San Francisco walifanya kama hivyo Valencia Street, maili 13 kwa saa. Gari linaloingia pale likitaka kukimbia, likimbie, litasimama kila taa kama mwanafunzi aliyechelewa. Sisemi tuige. Nasema tu kwamba chombo ni kilekile. Inategemea umekipangia nani.

Sasa, mashabiki wa taa, msianze kushangilia. Kuna mambo matatu manne ambayo mgombea wenu hatawaambia.

Kubwa zaidi ni kwamba wimbi ni rahisi upande mmoja na ni gumu pande mbili. Ukizipanga taa zifuatane kwa wanaoingia mjini, wanaotoka wanalikuta limegeuzwa, kama mtu anayepanda ngazi inayoshuka. Linakubali pande zote mbili tu pale umbali kati ya taa unapolingana na mwendo na mzunguko wa taa. Kwa kilomita 50 na mzunguko wa sekunde 80, taa zingepaswa kuwa karibu mita 550 moja hadi nyingine, kila mahali. Nani alijenga mji hivyo? Ndiyo maana New York iligeuza barabara zake nyingi ndefu kuwa za upande mmoja katika miaka ya 1950 na 1960, na wimbi likakaa vizuri. Mji ambao barabara zake ni za pande mbili lazima uchague: asubuhi tunawapendelea wanaoingia, jioni wanaotoka. Anayekaa upande usiopendelewa atalalamika, na atakuwa na haki.

Halafu wanaovuka. Mifumo ya kwanza ilipangwa kwa kuhesabu magari. Mtu wa miguu alipewa zile sekunde zilizobaki, na akivuka nje ya hizo akaitwa mkorofi. Hadi leo taa ikiwa na wimbi refu la kijani, mama mwenye karai anasubiri dakika nzima na zaidi. Akichoka anavuka tu. Wewe ungesubiri?

Pia kuna wale wa mkia wa wimbi. Dereva aliyeko nyuma kabisa ya kundi anajua likimpita amebaki, kwa hivyo yeye anakimbia kulishika. Wimbi linatuliza walio mbele kuliko walio nyuma. Na dereva lazima ajue kwamba wimbi lipo. Marekani kuna vibao rasmi vya kueleza taa zimepangwa kwa mwendo gani, Ujerumani vilevile. Bila kibao, yule wa 80 anadhani amekosa bahati tu, anakanyaga zaidi ili aipate inayofuata.

Na foleni ikijaa mpaka makutano yenyewe yamezibwa, wimbi linakufa. Huwezi kuwa na mwendo kama hakuna mahali pa kusogea. Hapo ndipo lile neno "akili" linapoingia. Toronto ilianza kuendesha taa zake kwa kompyuta mwaka 1963. Waingereza walitengeneza programu ya kupanga taa za mji mzima mwishoni mwa miaka ya 1960, halafu katika miaka ya 1970 wakaijaribu Glasgow ile inayohisi magari na kubadilisha sekunde papo hapo. Wasydney nao wakatengeneza yao wakati huohuo. Kwa hivyo mgombea akikuambia taa zenye akili ni teknolojia mpya, mwambie zina umri wa babu yake kijana. Hata hizo zikizidiwa na magari, zinazidiwa.

Turudi nyumbani, Nairobi.

Mnaijua Uhuru Highway. Taa zipo, zinawaka vizuri, nyekundu, njano, kijani, na chini yake amesimama askari wa trafiki akipunga mkono kinyume chake. Taa inasema simama, askari anasema kuja. Na sheria iko upande wa askari; akiwa kazini na sare, mkono wake unashinda taa. Mgeni anashangaa, sisi tumezoea. Mwaka 2015 mlikumbana na yale mapipa yaliyofunga mizunguko watu wasikate kulia, mnakumbuka kelele zake. Kila utawala unakuja na chake.

Mimi si wa kumtukana askari. Kwenye saa ya jam anaona kitu ambacho taa ya sekunde zisizobadilika haioni: makutano yamefungwa, nikiruhusu hawa watakwama katikati. Hapo yeye ndiye mwenye akili kuliko taa. Na asimame siku moja bila yeye, mtaona.

Lakini tazama anachofanya kwa mwendo. Anashikilia upande mmoja dakika kumi, wakati mwingine zaidi, hasa kama kuna msafara wa mkubwa unakuja. Wenye magari hawajui zamu itafika lini wala itadumu muda gani. Akifungua, kila mtu anatoka kama risasi kwa sababu akikosa sasa atakaa dakika kumi nyingine. Ni ileile zawadi ya 1920, tena mbaya zaidi, maana kijani ya New York angalau ilikuwa na sekunde zinazojulikana. Halafu askari wa mzunguko unaofuata hana habari na huyu. Kila mmoja mnara wake.

Saa tano usiku askari ameenda nyumbani, barabara iko wazi, taa zinafanya kazi peke yake. Hapo ndipo wimbi lingeokoa watu zaidi, na hapo ndipo hakuna anayelizungumzia, kwa sababu usiku hakuna jam na bila jam hakuna kura. Nchi hii inazika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, na kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu. Mdahalo wote tunaufanya juu ya dakika tunazopoteza kwenye foleni.

Tumejaribu vidhibiti mwendo, sijasahau. Kanuni za matatu zilizoanza kutumika 2004 zilifunga magari ya abiria kwenye 80. Kwa barabara ya kwenda Nakuru au Mombasa hiyo ina maana. Ndani ya mji, 80 ni kifo kilichoruhusiwa. Kidhibiti hakijui kama uko safarini au uko mbele ya soko.

Sasa ile barabara yangu ya makanga. Sitaitaja jina.

Mwaka jana nilirudi pale Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na simu yenye saa ya kuhesabu na binamu yangu mmoja aliyelazimishwa kuamka. Yeye alikaa taa ya kwanza, mimi ya tatu, tukapigiana simu. Umbali tuliupima kwa miguu, kisha nikaulinganisha na ramani ya simu: mita 400 hadi ya pili, mita 400 tena hadi ya tatu. Tulirudia mara kumi na mbili.

Zinawaka pamoja. Zote tatu, sekunde ileile. Kijani inakaa sekunde 45.

Pigeni hesabu wenyewe. Kutoka ya kwanza hadi ya tatu ni mita 800. Ukiwa mtii wa sheria, kilomita 50 kwa saa, unahitaji karibu sekunde 58. Huwezi. Hata uanze sekunde ileile kijani ilipowaka, ya tatu itakufungia, leo, kesho na siku zote. Ili uipate kabla kijani haijaisha unahitaji mita 800 kwa sekunde 45, yaani kilomita 64 kwa saa, na hiyo ni kama ulikuwa tayari kwenye mwendo. Dere wangu alikuwa anaenda kama 65, 70. Sasa rudini juu kwenye zile namba mbili nilizowaambia mzishike.

Kwenye ile taa ya tatu bado wanauza mboga.

Dawa yake haihitaji mkopo wa nje. Ya pili iwake sekunde 29 baada ya ya kwanza, ya tatu sekunde 29 baada ya ya pili, na kibao kimoja kisemacho taa zimepangwa kwa 50. Ni barabara ya pande mbili, kwa hiyo wanaotoka mjini wataumia kidogo; ningewapa wao zamu ya jioni. Niliandika haya kwenye kurasa mbili, nikachora na mchoro, nikapeleka kwa ofisi inayohusika. Nikaambiwa taa ni za ofisi nyingine. Ile ofisi nyingine ikaniambia barabara ni yao lakini taa ni za ile ya kwanza. Nakala iliyogongwa muhuri ninayo.

Kwa hiyo mkienda kwenye mikutano msimu huu, mgombea wako au wa adui yako, akifika kwenye zile taa za kisasa, inua mkono umuulize: sekunde ngapi kati ya taa hii na ile, kwa mwendo gani, na anayevuka amepewa ngapi? Mimi nilishamuuliza mmoja, mwezi uliopita, mbele ya watu. Alifikiria kidogo, akatabasamu, akasema zitatumia sola.